Somo: Poti gani inafaa gita lako la umeme

Kila wiki natumiwa picha ya gita lililofunguliwa, na chini yake swali lile lile: "Fundi, ninunue poti gani?" Kwa picha siwezi kujua. Naandika yote hapa mara moja, ili anayeshuka Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, kesho ajue anachotafuta. Kwa aliye mgeni, poti ni kile kidude cha duara chenye miguu mitatu, kiko chini ya nobu ya sauti na ya toni.

Hatua ya 1. Hakikisha imekufa. Kama inakwaruza tu, ipulizie dawa ya kusafishia kontakti kupitia tundu lililo juu ya miguu, izungushe mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Nyingi hupona hapo.

Hatua ya 2. Thamani, yaani ukinzani wake; k ni omu elfu moja. Inategemea pikapu, kile kinasa cha sumaku kilicho chini ya nyuzi. Pikapu ya koili moja, 250k. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, 500k. Pikapu zinazotumia betri, 25k. Poti hata ukiifungua hadi 10 bado inavujisha sauti kidogo kwenda waya wa ardhi, na zinazovuja kwanza ni zile nyembamba za juu. Koili moja ni kali kwa asili, hivyo 250k huituliza. Hambaka ni nzito. Ukiiwekea 250k inasikika kama imefunikwa blanketi.

Hatua ya 3. Herufi iliyoandikwa kwenye poti. A ni logi, hupanda polepole kwanza halafu haraka; B ni linia, hupanda sawasawa. Kwa sauti chukua A, kwa toni pia A. Masikio yetu hayasikii kwa hesabu sawa: ukiweka B kwenye sauti, unashusha kutoka 10 hadi 4 na karibu hakuna kinachobadilika, halafu inaporomoka. Wapo wanaoipenda B, sibishani nao. Lakini kaunta nyingi ukitaja "500k" tu unapewa B, kwa hiyo taja herufi. Na usiamini maandishi pekee, maana poti za zamani za Ulaya ziliandikwa kinyume. Weka katikati, pima kwa maltimita (mita ya umeme) kati ya mguu wa kati na ule wa upande wa sifuri. B ya 500k itasoma karibu 250k. A itasoma kati ya 50k na 100k hivi.

Hatua ya 4. Shingo na shafti. Hapa ndipo nilipoharibu kazi, tafadhali soma polepole.

Poti za kipimo cha Marekani zina shingo ya hesi yenye upana wa karibu milimita 9.5. Magita mengi yaliyotengenezwa Asia yametobolewa kwa shingo ya milimita 7 au 8. Niliwahi kuletewa gita la kanisa, jekundu, linatakiwa Jumapili. Nikanunua poti nzuri za kipimo kikubwa, hazikuingia, nikafunga biti ya 9.5 kwenye drili nikakandamiza. Biti ilishika ukingo wa tundu, ikajivuta yenyewe ndani kwa nguvu, na vanishi ikabanduka kipande kikubwa kama shilingi moja, pale pale mbele ambapo nobu haifiki. Nililipia rangi mwenyewe. Mwenye gita alilichukua bila kusema neno, na hajarudi tena.

Kwa hiyo: pima tundu KABLA ya kununua. Kama ni dogo, tafuta poti ya kipimo hicho, basi. Kama huna budi kupanua, bandika tepu ya karatasi juu ya rangi, tumia rima ya mkono yenye umbo la koni, zungusha taratibu kutoka upande wa mbele, na jaribu poti kila baada ya mizunguko miwili. Usitumie drili. Funika pikapu, kwa sababu kama bamba ni la chuma, unga wake utanaswa na sumaku na hautoki.

Angalia pia urefu wa shingo. Magita ya muundo wa Les Paul yenye mbao nene hutaka shingo ndefu, karibu milimita 19. Ile fupi haitatokeza hata hesi ya kushika nati. Halafu meno ya shafti: kipimo cha Marekani ni 24, cha Asia ni 18. Nobu ya 18 ukiigongea kwenye shafti ya 24, unavunja kimojawapo.

Hatua ya 5. Nenda dukani na hiyo mita ya umeme. Poti inaruhusiwa kupotoka asilimia 20, yaani ya 250k inaweza kuwa 200k au 300k na bado ni halali. Pima miguu miwili ya pembeni, chagua.

Hatua ya 6. Lehemu. Kwangua mgongo wa poti kwa msasa kwanza.

MASWALI

— Fundi, nina kopi ya Les Paul. Ninunue gani?
Hatua ya 2 na ya 4.

— Sijapima lakini niko Luthuli saa hii, nitajie tu moja nichukue.
Siwezi. Rudi ufungue gita, uje na poti ya zamani mkononi. Nauli ya kurudi ni nafuu kuliko rangi.

— Kuna mtu kaniambia 500k inaongeza nguvu, umeacha kusema hilo.
Sikuliacha, si kweli. Poti haiongezi chochote, inapunguza kidogo au inapunguza zaidi. 500k inapunguza kidogo, ndiyo maana unasikia gita limechangamka.

— Mwalimu, mimi napiga mkono wa kushoto. Poti zangu za A zinafanya sauti isipungue kabisa, halafu mwishoni inakatika ghafla. Nimekosea waya?
Dada, hujakosea. Swali zuri sana hili. Gita lako linazunguka kinyume, kwa hiyo mpando wa logi nao umegeuka: sehemu ya polepole imeenda upande wa 10. Inahitajika poti ya herufi C, ambayo ni logi iliyogeuzwa. Ukiikosa, weka B. Haitakuwa kamili, ila utaweza kupunguza bila kushtuka.

— Napiga benga kwa gita la koili moja. Nataka nyuzi za juu zimetemete zaidi. Naweza kwenda 500k?
Ndiyo, na ningeanza na ya sauti pekee. Ya toni iache 250k. Poti mbili za 250k kwa pamoja ni mzigo wa 125k kwa zile sauti za juu. Ukibadilisha moja unapanda hadi 167k hivi. Utaisikia tofauti kwenye soloo za chini ya shingo karibu na mwili. Ikizidi ukali, shusha toni hadi 8.

— Na kapasita ya toni, niibadilishe pamoja?
Si lazima. Hambaka kwa kawaida ni iliyoandikwa 223, koili moja 473. Iliyopo ikifanya kazi, hamishia kwenye poti mpya.

— Nikishusha sauti, ukali wote unapotea. Poti mbovu?
Nzima. Lehemu kapasita ndogo ya 102 kati ya mguu unaopokea pikapu na mguu wa kati. Ikizidi wembamba, jaribu 681.

— Mafuta ya bawaba yanafaa kusafishia?
Hapana. Yanashika vumbi.

— Mimi wa benga nimerudi. Nimepima poti yangu ya zamani ya sauti kabla ya kununua, inasoma 204k.
Basi umepata jibu la nusu ya tatizo lako. Chukua 250k inayosoma 280k au zaidi ukiipata, isikilize wiki moja, ndipo uamue kuhusu 500k. Na unijulishe imesomaje.