Umezaa kwa operesheni? Mazoezi yaanza pale pale kitandani

Siku ya pili baada ya operesheni nilitaka kwenda chooni nikainuka vile niinukavyo siku zote, kichwa na kifua mbele, wallahi roho ilitaka kutoka. Hakuna aliyeniambia kuna namna ya kuinuka. Bas nawaandikia wazazi wenzangu wa Lamu, haswa mnaopasuliwa mara ya kwanza.

Misuli ya tumbo mara nyingi haikatwi, husukumwa kando, lakini ngozi, ule utando mgumu unaofunika misuli, na mfuko wa uzazi vyote vimekatwa vikashonwa, ndio ukijiinua moja kwa moja vyavutwa. Inuka hivi: lala chali ukunje magoti, geuka ubavu mabega na nyonga zende pamoja kama gogo, teremsha miguu nje ya kitanda huku wajisukuma kwa kiwiko halafu kiganja, na utoe pumzi wakati huo huo. Usiizuie. Kaa ukingoni kidogo kizunguzungu kipite ndio usimame.

Kabla hata ya kuinuka, chezesha nyayo juu chini mara kumi kumi kila saa ukiwa macho, hio yasaidia damu isigande miguuni. Vuta pumzi polepole tumbo lijae, toa polepole. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto juu ya mshono uubane kidogo. Na utembee ndani ya siku ya kwanza daktari akikuruhusu, hata kama ni hadi mlangoni na kurudi, manake ile gesi inayosokota tumbo hutoka kwa kutembea. Dawa ya maumivu meza kwa saa zake, usingoje uchungu upande, ukiumwa hutatembea.

Sasa arobaini. Mimi naipenda arobaini yetu, uji wa pilipili manga, mafusho, watu kukushikia mtoto, lakini kupumzika si kulala chali siku arobaini. Tembea uani kila siku uongeze kidogo kidogo. Ngazi za nyumba zetu za mawe ni kali, panga kila kitu chako chini ama juu, ili uzipande mara moja tu kwa siku, ukishikilia ukuta. Ndoo ya maji usiinue wiki sita, kitu kizito zaidi ya mtoto wako acha. Mkandaji akija akukande mgongo na mabega, tumbo asiliguse kabisa, na maji ya moto yasimwagwe kwenye mshono. Mwambie kwa heshima lakini umwambie. Mkaja ukifungwa uwe wa kukushikilia tu, ukikazwa sana wasukuma uzito chini kwenye misuli ya mkojo.

Na hio misuli, hata kama mtoto hakupita huko, imebeba mimba miezi tisa. Mpira wa mkojo ukishatolewa, bana kama unayezuia mkojo na upepo pamoja, hesabu hadi tano, achia kabisa, mara kumi, mara tatu kwa siku. Fanya ukinyonyesha hutasahau.

Wiki ya sita, mshono ukiwa umefunga kabisa, paka mafuta ya nazi usugue kovu kwa vidole viwili, mviringo halafu kushoto kulia, dakika chache kila siku lisishikane na nyama ya ndani. Ganzi hapo hukaa miezi, usiogope. Ukiinua kichwa ukaona tumbo limechongoka katikati kama mgongo wa samaki, muone mtu wa fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kabla ya mazoezi ya kupunguza tumbo.

Mshono ukitoa usaha au harufu, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata, damu nyingi, hapo ni hospitali saa hio hio, na nyinyi wa visiwani ambao boti yangoja maji kujaa msilale nalo hata usiku mmoja. Ukipanda boti mtoto mpe mwengine kwanza, shikwa mikono miwili, kaa katikati na mto wako tumboni, na mwambie nahodha aende taratibu, atakuelewa.