Jinsi ya kutambua peni adimu za Mwingereza

Jamani hapa Lamu bado kuna masanduku ya mababu waliokuwa mabaharia, na ndani unaweza kukuta zile sarafu kubwa za peni za Uingereza. Naomba sana msizisugue na ndimu wala ukwaju kama masinia, mana ukishafanya hivyo thamani yake imeenda na maji. Futa vumbi tu kwa kitambaa laini.

Haya, kaa barazani asubuhi jua likiwa la upande, azima ile lenzi ya sonara, geuza peni upande wa yule mama aliyekaa na mkuki wa meno matatu, Britannia. Kama mwaka ni 1912, 1918 au 1919 angalia kushoto kwa tarehe, ukiona H ndogo basi haikupigwa London, ni ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na ukiona KN ni ya kiwanda cha Kings Norton, hizo ni za 1918 na 1919 tu na kupata moja ambayo haijalika ni kazi kweli. Usikimbie, H ikichakaa hubaki vijiti viwili tu, inamisha peni taratibu mpaka kivuli kikuonyeshe.

Ya 1902 tazama mstari wa bahari nyuma ya Britannia. Nyingi maji yamejaa, ila zipo chache ambazo yako chini zaidi, yaani kupwa, hizo ndo zinatafutwa.

Ya 1895 pima kwa rula kutoka ncha ya mkuki hadi P ya PENNY: kawaida ni milimita 1, ikifika 2 usimuuzie mpita njia!