Somo: Kuusoma muundo wa FtsH bila kuugeuza kichwa chini

Wakuu, swali la "utando wa seli uko upande gani wa FtsH?" nimelijibu inbox mpaka vidole vinauma. Naandika mara moja, mengine mtaelekezana hapa.

FtsH ni kimeng'enya cha bakteria kilichojishikiza kwenye utando wa ndani wa seli. Kinakatakata protini mbovu na zisizotakiwa tena, kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli.

1. Pakua ChimeraX, programu ya kutazama miundo ya protini. Kwa wanafunzi ni bure.

2. Fungua faili 2CE7 kutoka hifadhi ya miundo ya protini (PDB): FtsH ya bakteria Thermotoga maritima, ya mwaka 2006.

3. Ficha maji. Kila mnyororo (nakala moja ya protini) upe rangi yake. Iko sita, imekaa duara.

4. Hapa tulia, ndipo nilipoaibika. Utaona pete mbili zimebebana: AAA, yaani injini inayochoma ATP, na pete ya visu, yaani sehemu inayokata protini. Utando hutauona, kwa sababu kipande kinachoupenya kiliondolewa ili ipatikane fuwele ya kupimia muundo. Mimi nikauchora upande wa visu, maana pete ile ni bapa, inakaa vizuri kama sufuria jikoni. Mwalimu akauliza mbele ya darasa zima, "Sasa protini inaingilia wapi?" Nikabaki nakodolea macho slaidi yangu. Fuata mnyororo toka mwanzo: vipande viwili vya utandoni (havimo kwenye faili), kisha AAA, mwisho visu. Kwa hiyo AAA ndiyo jirani wa utando. Visu viko ndani zaidi, kwenye saitoplazimu (ute wa ndani ya seli). Skrini isikudanganye, programu haijui juu wala chini.

5. Tafuta zinki, moja kila mnyororo, imeshikwa na asidi amino tatu: histidini mbili na aspatiki moja. Hapo ndipo panapokatia.

Kijana wa Mbagala: Mkuu mbona utando siuoni? Faili bovu?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana wa Mbagala: Nisaidie basi picha iliyokamilika, nawasilisha kesho.

Mwandishi: Kesho mbali. Anza hatua ya 1.

Binti Kigamboni: Kaka, pepsini ya tumboni inakata bila ATP. Hii inaichomea nini?

Mwandishi: Dada, umeuliza penyewe. Kukata hakulipiwi, maji na zinki vinatosha. ATP inalipia kuvuta. Visu vimefichwa chumbani, mlango mwembamba, protini iliyokunjwa haipiti mpaka ifumuliwe iwe uzi. Tazama tundu la AAA, kuna fenilalanini (asidi amino nyingine) za kuushika uzi huo. Halafu linganisha pete: visu vimelingana pande zote sita, ila AAA imepinda, mpaka uizungushe nusu duara ndipo ilingane. Injini inayumba, kisu kimetulia! Ila kwa kufumua FtsH si hodari, protini iliyokunjwa imara huishinda.

Binti Kigamboni: Asante sana. Vimelea vya malaria navyo vinayo?

Mwandishi: Vinayo, FtsH1, kwenye apikoplasti, kiungo kidogo ndani ya seli ya kimelea. Dawa iitwayo aktinonini huishambulia hiyo. Ukiisoma, tuletee hapa.

Mzee wa RAM 4: Kompyuta yangu inaganda nikiweka mwonekano wa uso wa protini.

Mwandishi: Acha uso, tumia utepe, zima vivuli. Na hifadhi kila hatua, huku Tabata umeme ulinikatikia nikiwa kwenye zinki ya tano.