Somo: Jinsi ya kupanga na kutembea mzunguko mfupi wa kilima kando ya bwawa

Somo hili ni la mtu mwenye afya ya kawaida anayetaka kupanda kilima kidogo na kurudi alikoanzia bila kupita njia ileile mara mbili, huku sehemu ya mzunguko wake ikifuata ukingo wa bwawa. Matembezi ya namna hii ni mepesi kwa aliyejiandaa, kwa kuwa maji huonekana karibu kila mahali na humsaidia mtu kujua alipo. Hata hivyo bwawa si ziwa. Limejengwa na watu, kiwango cha maji yake hupanda na kushuka kadiri yanavyotumika, na kwa sababu hiyo ukingo wake hautulii kama ukingo wa ziwa la asili. Ushauri mwingi ulio hapa chini unatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza: pima njia kwenye ramani

Tafuta ramani ya skeli ya 1:25,000, ambayo sentimita 4 zake ni kilomita moja. Ya 1:50,000 inafaa pia, ingawa haionyeshi vijia vyote. Chukua uzi mwembamba, ulaze juu ya njia unayokusudia kuifuata, ukiubana kwa ukucha kila njia inapokata kona, kisha unyooshe na uupime kwa rula. Usikadirie kwa macho. Bwawa ni bonde lililojazwa maji, na kila kijito kilichokuwa kikiingia mtoni sasa kimekuwa ghuba nyembamba, ambayo msafiri hulazimika kuifuata hadi mwisho wake na kutoka tena upande wa pili. Ng'ambo huonekana karibu kiasi cha kuweza kuitana, kumbe kwa miguu ni nusu saa nzima.

Baada ya umbali, hesabu mistari ya kontua inayokatwa na njia yako ya kupanda. Kwa mtu ambaye hajazoea mistari hiyo, bwawa lenyewe ni mwalimu mzuri kuliko maelezo yoyote: maji yanapopungua kidogo kidogo huacha michirizi ubavuni mwa kilima, mmoja chini ya mwingine, na kila mchirizi hupita mahali penye kimo kimoja tu. Palipo na mwinuko mkali michirizi hiyo hubanana. Penye mteremko wa taratibu huachana. Kontua za ramani husomwa vivyo hivyo.

Hatua ya pili: kadiria muda

Kanuni ninayoitumia ni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1892. Kwa vipimo vya mita, kanuni hiyo inampa mtembeaji saa moja kwa kila kilomita 5, halafu inaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue mfano wa mzunguko ambao uzi wake umetoka sentimita 24 kwenye ramani ya 1:25,000, yaani kilomita 6, na ambao njia yake ya kupanda inakata nafasi 24 za kontua zilizopishana kwa mita 10, yaani mita 240. Kilomita zitachukua dakika 72 na mwinuko dakika 24, jumla dakika 96. Huo ni muda wa mtu anayetembea mfululizo bila kupumzika, kunywa maji wala kutazama mandhari. Mimi huongeza nusu yake, na nikiwa na watoto huuzidisha mara mbili. Ukishapata jumla, hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya machweo, na uhakikishe kwamba inabaki angalau saa moja ya mwanga ambayo hukuipangia kazi.

Hatua ya tatu: chagua upande wa kuanzia

Wapo wanaosema kwamba mzunguko ni mzunguko, uanzie kulia au kushoto. Sikubaliani nao. Anza na kilima, umalize na maji. Miguu huwa na nguvu asubuhi, hewa ni baridi, na mawingu ya radi aghalabu hujengeka juu ya vilima mchana jua likishapasha ardhi joto. Zaidi ya hayo, njia ya ukingoni kwa kawaida haina mwinuko mkubwa, kwa hiyo mtu aliyechoka anaimudu. Kilima kikiwa na ubavu mkali na ubavu wa taratibu, panda kwa ule mkali na ushuke kwa ule wa taratibu, kwa maana magoti huumia zaidi wakati wa kushuka na miguu huteleza zaidi wakati huo pia. Sababu moja tu ndiyo ingenifanya nigeuze mpango huu: iwapo njia ya ukingoni inavuka kijito kisicho na daraja na mvua inatarajiwa mchana, ni heri kukivuka mapema kabla hakijafura.

Hatua ya nne: vitu vya kubeba

Viatu vyenye soli ya kushika ardhi, maji ya kunywa, koti la mvua, chakula kidogo, ramani ya karatasi, dira, simu iliyojaa chaji, tochi na filimbi. Filimbi ina lugha yake: mipulizo sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha sita tena, maana yake ni kwamba unahitaji msaada. Anayekujibu hupuliza mara tatu. Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia na saa unayotarajia kurudi.

Hatua ya tano: kilimani

Panda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kukata pumzi. Katika kila njia panda, geuka na utazame ulikotoka, ili ukilazimika kurudi uitambue njia ikiwa imegeuka sura. Kileleni usikimbilie kuondoka. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo katika kilima cha mita 240 tofauti ni nyuzi moja na nusu tu, lakini upepo hufanya baridi isikike zaidi, basi vaa koti kabla ya kuketi. Kisha toa ramani na uilinganishe na bwawa lililo chini yako: hesabu ghuba zote utakazozizunguka, tazama ukuta wa bwawa uko wapi, na uone kama maji yamefika pale ramani inapoyaonyesha. Ramani nyingi huchora bwawa likiwa limejaa. Ukiona ukanda mpana wa udongo mtupu kati ya nyasi na maji, umejua tayari hali utakayoikuta.

Hatua ya sita: ukingoni na ukutani

Ukanda huo mtupu ndio hatari kubwa ya matembezi haya, na huvutia kwa sababu unaonekana kufupisha njia kwa kukata mdomo wa ghuba. Juu, matope hukauka na kupasuka vipande vigumu kama vigae. Chini ya vipande hivyo, sentimita chache tu, matope bado ni laini na yamejaa maji. Hubeba uzito wa mtu kwa hatua kadhaa, kisha hufunguka. Baki kwenye kijia, hata kikizunguka ghuba nzima. Aliyenasa asipigane kwa nguvu: aegemee nyuma au aketi ili uzito utawanyike juu ya eneo kubwa, autikise mguu mmoja taratibu hadi ulegee, kisha arudi kwa kutambaa kupitia alikopita.

Ukutani, soma mabango kwanza, kwa kuwa kuta nyingine hazifungulii watu njia. Kaa mbali na utoro wa maji, yaani sehemu ambayo maji ya ziada humwagika bwawa linapojaa, na usishuke katika mfereji wake hata ukiwa mkavu. Ukuta ukiwa wa udongo uliooteshwa nyasi, usikatize ubavuni mwake: vijia vya miguu hugeuka mifereji mvua inaponyesha. Huenda ukashangaa kuona hapana mti hata mmoja juu yake. Hung'olewa makusudi, kwa sababu mizizi hufungua njia za maji ndani ya ukuta. Ukiona upande usio na maji umelowa mahali pamoja ilhali pengine pakavu, wajulishe wasimamizi siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Siku ya joto, je, naweza kuogelea kidogo nikishuka kilimani?

Jibu: Marahaba. Nakusihi usifanye hivyo palipokatazwa, na hata pasipo na bango. Maji ya juu hupata joto la jua, lakini chini kidogo hubaki ya baridi kali, na baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi bila kukusudia akiwa ndani ya maji. Kina huongezeka ghafla kwa kuwa ubavu wa bonde huendelea kushuka chini ya maji, na karibu na mnara wa kutolea maji mkondo unaweza kuanza bila dalili yoyote juu.

Swali: Natembea na mbwa wangu. Anaweza kunywa maji ya bwawani?

Jibu: Mbebee maji yake. Majira ya joto, mabwawa hupata utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika. Huitwa mwani, ingawa ni bakteria, na aina nyingine hutoa sumu inayoweza kumuua mbwa ndani ya muda mfupi. Kwa macho huwezi kuitambua yenye sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mbwa akiingia, msafishe kwa maji safi kabla hajajilamba, na akianza kutapika au kutetemeka mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja.

Swali: Nifanye nini nikikuta njia ya ukingoni imefunikwa na maji?

Jibu: Usiivuke kwa kukisia kina. Panda juu hadi upate kijia kingine kilichomo kwenye ramani. Kama hakipo, rudi ulikotoka. Saa moja ya mwanga uliyoiacha bila kazi ilikuwa kwa ajili ya jambo kama hili.

Swali: Ukungu ukinifunika kileleni, si nitelemke moja kwa moja hadi majini, maana bwawa liko chini tu?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Kati yako na maji panaweza kuwa na genge au machimbo ya mawe yaliyotumika wakati wa ujenzi, na ukungu utakuonyesha ukingo wake ukiwa umeshaufikia. Simama, vaa koti, elekeza ramani kwa dira, na usubiri kidogo, kwa sababu ukungu wa asubuhi mara nyingi huondoka jua likipanda. Usipoondoka, shuka kwa njia uliyopandia, ambayo umeshaiona kwa macho yako, na uache nusu ya pili ya mzunguko kwa siku nyingine.