Kupoteza shilingi ishirini mkononi: mchezo wa kuanzia barazani

Tukikutana jioni hapa Lamu kuonyeshana mazingaombwe, wanaojiunga upya hutaka kuanza na karata. Mimi huwapa sarafu. Kila mtu anayo mfukoni, na ndiyo inayomfunza mtu jambo linalobeba michezo yote: watazamaji hutazama unapotazama wewe.

Tumia shilingi ishirini, ile yenye tembo iliyotoka 2018. Ya shilingi moja ni ndogo, haionekani vizuri taa zikiwa hafifu.

Hatua ya kwanza: ichukue kweli. Simama mbele ya kioo, uitoe sarafu mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia bila hila yoyote. Rudia sana. Angalia bega linavyosogea, ngumi inavyofumba, macho yanavyoifuata. Hila yako itapimwa kwa kufanana na hivi, na wanaoiruka hatua hii ndio ambao mkono wao huonekana una siri.

Hatua ya pili: mshiko. Kiganja cha kushoto kitazame juu. Shika sarafu kwenye kingo zake, gumba upande huu, ncha za kidole cha shahada na cha kati upande ule. Vidole vyote vibanane, pasiwe na mwanya.

Hatua ya tatu: kuiachia. Leta mkono wa kulia, kiganja chini. Gumba lake lipite chini ya sarafu, kwenye uwazi ulio kati ya gumba la kushoto na vidole, na vidole vinne vipite mbele kuifunika. Ikishafichika, legeza gumba la kushoto. Sarafu itaanguka yenyewe kwenye mashina ya vidole vya kushoto, usiisukume. Papo hapo mkono wa kulia ufumbe na kuondoka nayo, kwa jinsi wanavyoona wao.

Hatua ya nne: macho. Hapa ndipo penye kazi. Shingo na macho vifuate ngumi ya kulia, na wewe mwenyewe uamini sarafu imo humo. Mkono wa kushoto ushuke umelegea, kama mkono wa mtu anayesikiliza habari. Ukiutupia jicho mara moja tu, mzee aliyekaa mbele yako atauliza, "Na huo mwingine?" Usifungue ngumi kwa pupa pia. Ongea kidogo, ipulize, halafu fungua vidole kimoja kimoja kuanzia kile cha mwisho. Wakati wanatazama kiganja kitupu, mkono wa kushoto uingie mfuko wa kanzu kutoa leso, uiache sarafu humo.

Kuna wanaofundisha kuificha kwa kunyanyua kikombe. Kwetu haifai: kikombe cha kahawa kikishikwa kwa mkono wa kushoto, baraza zima litageuka kukutazama. Kwa sababu hiyo hiyo, sarafu ya kukaguliwa mpe mtu kwa mkono wa kulia.

Sasa pa kukaa. Kwenye daka, ile baraza ya mlangoni mwa nyumba, viti vya mawe vinatazamana na watu wako pande zote. Aliye ubavuni mwako wa kushoto, nyuma kidogo, ataiona sarafu ikianguka. Kaa mwisho wa kiti, ukuta uwe kushoto kwako. Pale uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, watu hukuzunguka kabisa, kwa hiyo huko peleka mchezo mwingine.

Kabla ya kuanza, sema wazi kwamba huu ni wepesi wa mikono, hakuna sihri. Wapo wanaoingiwa na hofu ya dhati, na ni haki yao kuambiwa.

Watazamaji wa kawaida waonyeshe mara moja tu, hata wakikusihi. Wenzako wa mchezo waonyeshe kwanza kwa kasi yake, kisha polepole hatua kwa hatua, na mmoja wao akae pale kushoto nyuma akwambie anachoona.