Usizibe tundu la kicheche mchana

Wafugaji wa kuku wanarudia kosa lilelile kila mara. Asubuhi mtu anakuta mayai yameliwa, kifaranga hayupo, harufu kali imetanda bandani, na pembeni mwa msingi kuna tundu jipya. Kabla ya adhuhuri ameshajaza mawe na kumwaga zege. Zege lenyewe halina ubaya, ila saa hiyo mwenye tundu amelala ndani. Kicheche hutembea usiku. Ukimzibia mchana umemfungia chini ya kuku wako.

Kucha zake za mbele ni ndefu, za kuchimbia. Akikuta njia imezibwa, atachimba kuelekea palipo laini, na mara nyingi palipo laini ni sakafu ya udongo ya banda. Atatokea katikati ya vifaranga akiwa na hofu na njaa. Sakafu ikiwa ngumu, atafia humo. Nzi watataga kwenye mzoga, funza watapenya hadi bandani, na kuku watawadonoa. Funza wa mzoga wanaweza kubeba sumu ya botulizimu: kuku hulegea miguu, kisha mabawa, mwisho shingo. Hapo utalibomoa zege ulilolipia juzi, na kuku umeshawapoteza.

Kuziba usiku bila kupima nako si dawa. Jike akiwa nje na watoto wako ndani, watoto watakufa polepole, na mama atachimba msingi mzima akiwatafuta.

Kwa hiyo kwanza jua nani anakaa humo. Kicheche ni mweusi mwenye mistari mirefu myeupe mgongoni, na anajulikana kwa harufu kabla hajaonekana. Nguchiro wengi hutoka mchana na kurudi shimoni jioni, kwa hiyo saa zote zinazotajwa hapa kwao zinageuka. Kanu, mnyama mwenye madoa anayefanana na paka, ni mpandaji. Kama kuku wanaliwa na hakuna tundu chini, tazama juu, kati ya ukuta na paa, usipoteze nguvu kuchimba mtaro.

Kipimo ni majivu. Subiri kuku wote waingie bandani, maana wakiwa nje watayaparua na hutasoma kitu. Kama saa 12 jioni, chekecha majivu makavu mbele ya tundu, unene wa nusu sentimita, upana wa sentimita 60 kila upande. Kisha jaza mdomo wa tundu kwa nyasi kavu au gazeti lililokunjwa, kwa ulegevu. Narudia: kwa ulegevu, si jiwe, si gunia la mchanga. Saa 12 alfajiri, kabla hujafungua kuku, nenda ukasome. Nyasi zikiwa zimesukumwa nje na nyayo zinaelekea nje, kuna mnyama anayekaa ndani. Zikiwa zimevutwa au kuchimbuliwa kutoka nje, kuna anayetaka kurudi, na huenda amewaacha watoto. Fanya hivyo usiku tatu mfululizo. Mvua ikinyesha, usiku huo hauhesabiwi, anza upya.

Watoto wachanga hawana nguvu ya kusukuma nyasi, kwa hiyo weka sikio kwenye tundu jioni, mama akishatoka. Ukisikia vilio vyembamba, acha kazi. Watoto wa kicheche hufungua macho wakiwa na siku kama 40, na hata baada ya hapo bado humtegemea mama. Ngoja mpaka uwaone wakitoka naye wenyewe usiku. Wakati huo hamishia vifaranga kwenye kizimba kilichoinuliwa mita moja kutoka chini, chenye sakafu ya mbao au wavu. Kicheche si mpandaji hodari. Usumbufu wa wiki chache ni nafuu kuliko mizoga mitatu chini ya sakafu.

Ukishajua hakuna watoto, bado usikimbilie tundu. Anza na mtaro. Ukimtoa kabla ya kuzunguka banda, usiku uleule atachimba tundu la pili hatua mbili kutoka la kwanza.

Tumia wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya nusu inchi, upana wa sentimita 90. Uliza geji: 19 inafaa. Geji ya waya huhesabiwa kama ya bati, namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita unaouzwa kwa ajili ya kuku unamzuia kuku asitoke, haumzuii mchimbaji asiingie. Ukifukiwa huoza upesi, na kifaranga anaweza kuvutwa kupitia matundu yake. Wengi wameununua kwa sababu ya bei, kisha wakanunua tena.

Upana wa sentimita 90 ugawe mara tatu: 30 zipande ukutani, 30 zishuke wima kwenye mtaro, 30 zilale kuelekea nje ya banda, kama herufi L. Kuelekea nje. Wapo wanaoikunja ndani, na hiyo haina kazi. Mnyama huanza kuchimba kwenye kona ya ukuta na ardhi. Akikutana na wavu chini ya miguu yake hajui kurudi nyuma sentimita 30 akaanzie hapo. Ukikunja ndani, anapita chini yake bila shida. Mtaro basi uwe na kina cha sentimita 30 na upana wa 30.

Banda la mita 3 kwa 4 lina mzunguko wa mita 14. Nunua mita 16, kwa sababu kila kiungo kinapishana kwa sentimita 10, na kuna viraka vya kona. Kwenye kona kazi nyingi huharibika: ukichana sehemu inayolala ili waya uzunguke kona, linabaki pengo la sentimita 30 kwa 30 chini ya udongo usiloliona. Kata viraka vinne vya 40 kwa 40 na uvifunge kwa waya wa kufungia kabla ya kufukia. Sehemu ya ukutani ipigiliwe kila sentimita 15. Kwenye tofali, bana kwa ubao mwembamba na misumari ya zege. Rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 10, kila tabaka ulishindilie. Kama kuna mwamba na mtaro haushuki, laza wavu juu ya ardhi sentimita 60 kwenda nje, uchomeke vigingi kila sentimita 30, na upange mawe juu.

Lile tundu lake liache wazi. Hapo tundika mlango wa kutokea tu: kipande cha wavu uleule kinachozidi tundu kwa sentimita 8 kila upande, kimening'inizwa kwa pete tatu za waya upande wa juu pekee. Kisukume kwa kidole kimoja kutoka ndani. Kisipofunguka, ni kizito au pete zimebana. Pembeni laza wavu na mawe ili asichimbe kando akirudi. Uache usiku tatu usio na mvua, ukisoma majivu kila alfajiri, na mbwa afungwe. Nyayo za kutoka zikionekana mara moja kisha majivu na nyasi vikakaa kimya usiku tatu, ziba sasa kwa mawe, zege na wavu. Fanya saa 3 usiku kwa taa, si kesho mchana.

Mafuta ya taa na pilipili vya kumfukuzia huoshwa na mvua, na mafuta huharibu udongo. Sumu kwenye yai au nyama usiijaribu: humwua mbwa wako na tai, ni hatari kwa watoto, na Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu. Kicheche anakula panya na wadudu shambani. Shida ni mahali alipolala tu. Akigeuza mgongo na kuinua mkia, rudi nyuma taratibu. Anayeyumba mchana bila woga usimguse, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mwite ofisa mifugo. Aking'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ikikaa vizuri hakuna tundu jipya na harufu inaisha. Kagua mzunguko baada ya mvua kubwa ya kwanza, maana udongo wa mtaro hushuka, na waya uliojitokeza uufukie siku hiyohiyo.