Somo: Kupasha na Kuhami Joto Seli ya Saa Ndogo ya Atomi

Ndani ya saa ndogo ya atomi, yaani saa inayopima muda kwa kutumia atomi, mna seli (kichumba kilichofungwa) ya silikoni na kioo, yenye upana wa milimita chache, iliyotiwa mvuke wa metali ya sesiamu, na leza hupita ndani yake. Mwaka 2004 maabara ya NIST (Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani) huko Boulder ilionyesha seli ya aina hiyo pamoja na leza yake zikitumia umeme usiozidi miliwati 75, na sehemu kubwa ya umeme huo iliishia katika kupasha joto tu.

Hatua ya 1. Chagua halijoto. Msongamano wa mvuke huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10, na kwa kuwa hita hupasha lakini haipozi, seli lazima iwe na joto kuliko mazingira makali kabisa ambamo chombo kitatumika. Ndiyo maana wengi huishia karibu na nyuzi 90 za Selsiasi.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya upotevu kabla ya kuchora chochote. Chukua seli ya mchemraba wenye pande za milimita 2, iliyo katika nyuzi 90, ndani ya kasha la nyuzi 25. Hewa ya unene wa milimita 1 kati ya seli na kasha huondoa takribani miliwati 40, kwa hiyo itoe, ubaki na ombwe (nafasi isiyo na hewa) la chini ya paskali 1. Mnururisho, yaani joto linalotoka kama mionzi, nao hauzidi miliwati 13, na ukipaka nyuso dhahabu hupungua sana.

Hatua ya 3. Ining'inize seli kwa vikanda vyembamba vya poliimaidi, plastiki inayostahimili joto. Hapa wanafunzi wengi huhangaikia plastiki bure. Kikanda chenye unene wa maikromita 5, upana wa nusu milimita na urefu wa milimita 1 hupitisha miliwati 0.03 tu, ilhali uzi wa dhahabu wa kupitisha umeme uliolazwa juu yake, wenye unene wa maikromita 1 na upana wa maikromita 20, hupitisha miliwati 0.4. Punguza nyaya, kisha zirefushe.

Hatua ya 4. Weka hita karibu na madirisha ya kioo, kwa sababu sesiamu hutua mahali penye baridi zaidi, na ikitua dirishani huziba njia ya leza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwa nini tusijaze povu badala ya kuhangaika na ombwe?

Jibu: Povu la kawaida limejaa hewa au gesi, hivyo hupitisha joto karibu sawa na hewa yenyewe. Katika nafasi ya milimita 1 halikusaidii kitu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi natengeneza kipima uga wa sumaku chenye seli kama hii. Je, mkondo wa hita hautavuruga vipimo?

Jibu: Marahaba. Utavuruga. Laza njia ya kwenda na ya kurudi zikiwa zimeshikana ili uga wake ujifute, na utumie mkondo geu wa masafa ya juu, au uzime hita wakati wa kupima. Wapo pia wanaopasha seli kwa mwanga wa leza nyingine, bila waya wowote.

Swali: Nitajuaje kwamba ombwe limevuja bila kulifungua kasha?

Jibu: Andika umeme unaotumiwa na hita katika halijoto ileile ya chumba, mwezi baada ya mwezi. Ukiona unapanda wakati seli iko kwenye nyuzi zilezile, gesi imeingia.